Mgonjwa Haulizwi Uji, Lakini Aulizwe Maumivu

Wazee wetu wanasema mgonjwa haulizwi uji. Maana yake ni nzuri. Mtu amelala, hana nguvu, usimsumbue kwa kumuuliza kama atakula. Wewe pika, mletee. Ni methali ya huruma. Lakini siku hizi naona inageuzwa bila sisi kujua. Mgonjwa haulizwi uji, na pia haulizwi anaumwa wapi, tangu lini, na nini kimebadilika tangu jana. Anabanwa kidole kwenye mashine, namba inatokea, na ile namba ndiyo inamjibia.

Swali ninaloleta kwenu ni hili: mgonjwa akisema hivi, na mashine ikisema vile, nani aaminiwe?

Mimi siko daktari. Nimemaliza sekondari, nafanya kazi na vijana hapa Nakivale, na sehemu ya kazi yetu ni kusindikiza watu kwenye kituo cha afya na kuwatafsiria. Koko anasema kwa Kibembe au kwa Kiswahili cha kwetu, nesi anauliza kwa Kiingereza au Kinyankole, na katikati yuko kijana wa miaka 19 anayejaribu. Kwa hiyo swali hili kwangu si la vitabuni. Neno la mgonjwa linapita mdomoni mwetu kabla ya kufika popote. Nimesoma kidogo juu ya yale yaliyowapata wengine, na nataka niwasimulie, halafu tufikiri pamoja.

Tuanze na mashine moja iliyoitwa Therac-25. Ilitengenezwa Kanada, na kazi yake ilikuwa kutibu kansa kwa mionzi. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme: kitu kikikaa vibaya, mionzi haitoki. Kwenye hii mpya, vizuizi vingi viliondolewa, na kazi ya ulinzi ikaachiwa programu ya kompyuta. Kati ya 1985 na 1987, wagonjwa sita huko Marekani na Kanada walipigwa mionzi kupita kiasi, na wengine wao walikufa kwa sababu hiyo.

Juni 1985, mwanamke mmoja katika mji wa Marietta, jimbo la Georgia, alisikia moto mkali mwilini wakati wa matibabu. Akamwambia fundi wa mashine: umeniunguza. Akajibiwa kwamba haiwezekani.

Machi 1986, katika mji wa Tyler, Texas, mwanamume mmoja alikuja kwa matibabu yake ya tisa. Fundi alikuwa mzoefu, anaandika haraka. Aliandika herufi moja vibaya, akaona, akarudi juu akairekebisha, akaendelea. Kwenye skrini yakaja maneno mafupi: Hitilafu 54. Namba hiyo haikuwa na maelezo ambayo fundi angeweza kuyaelewa, na mashine ilikuwa na tabia ya kutoa hitilafu za namna hiyo mara kwa mara. Skrini ilionyesha mgonjwa amepata dozi ndogo mno. Basi akabonyeza kitufe cha kuendelea.

Kule ndani, yule mgonjwa alikuwa amesikia kama mtu amemmwagia kitu cha moto mgongoni. Alijua si kawaida, maana alishatibiwa mara nane. Akaanza kuinuka, na mionzi ikampiga mara ya pili, kwenye mkono. Siku hiyo chombo cha kusikilizana kati ya vyumba viwili kilikuwa kibovu, na kamera ilikuwa haijaunganishwa. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyemsikia. Alitoka kitandani akaenda kugonga mlango kwa mikono yake.

Baadaye walikadiria kwamba badala ya radi 180 alizoandikiwa, alipata kati ya 16,500 na 25,000. Siku ile hakuna aliyejua. Alichunguzwa, wakafikiri labda ni shoti ya umeme, wakamwambia arudi nyumbani. Wahandisi wa kampuni wakaeleza kwamba mashine yao haiwezi kuzidisha dozi. Mashine ikapimwa, haikuonekana na kasoro, ikarudishwa kazini mwezi wa nne. Siku chache tu baadaye, mgonjwa wa pili akaunguzwa, mahali palepale, kwa namba ileile 54. Wote wawili walikufa mwaka huohuo.

Nani aligundua kosa? Si mashine, na si kampuni. Ni yule fundi na mtaalamu wa fizikia wa hospitali, Fritz Hager. Fundi alikumbuka alichoandika na jinsi alivyokiandika. Wakakaa kwenye kompyuta, wakarudia na kurudia, hadi Hitilafu 54 ikatokea mbele ya macho yao. Kumbe ukirekebisha herufi haraka sana, kabla mashine haijamaliza sekunde kama nane za kujipanga, skrini inaonyesha kitu kimoja na mashine inafanya kingine. Mwaka 1993 Nancy Leveson na Clark Turner waliandika uchunguzi mrefu juu ya ajali zote sita, na mpaka leo wanafunzi wa kompyuta wanafundishwa habari hiyo.

Ninapowasimulia vijana wetu, wengi wanasema: mashine ilidanganya. Mimi nasema hapana. Mashine haidanganyi, kwa sababu haisemi. Kinachosema ni watu walioiandika, waliokaa ofisini miaka kabla, mbali sana, wakafikiria mgonjwa fulani na fundi fulani. Namba kwenye skrini ni neno la mtu ambaye hayupo chumbani. Anaweza kuwa mtu mwerevu na mwenye nia njema. Lakini hayupo. Hawezi kuona jasho lako. Na yule aliyelala kitandani yupo. Wazee wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ajabu ya Tyler ni kwamba waliamua kunguni hawapo kwa kumuuliza fundi seremala, wakati aliyekilalia kitanda alikuwa anajikuna mbele yao.

Mfano wa pili unatugusa sisi wakimbizi kwa namna yake. Oktoba 2002, hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani, iliacha karatasi na kuanza kuandika maagizo yote ya dawa kwenye kompyuta. Nia ilikuwa nzuri kabisa. Mwandiko wa madaktari unajulikana, na dawa nyingi hukosewa kwa sababu ya mwandiko. Lakini madaktari wa hapohapo walipokaa kuhesabu, waliona kitu kibaya. Kati ya watoto mahututi walioletwa kutoka hospitali nyingine, kabla ya kompyuta walikufa 39 kati ya 1,394, yaani asilimia 2.80. Katika miezi mitano baada ya kompyuta, walikufa 36 kati ya 548, asilimia 6.57.

Kwa nini? Hawakusema kwamba kompyuta peke yake ndiyo iliua. Walieleza mambo kadhaa yaliyobadilika siku ile kompyuta ilipoingia. Moja ni hili. Zamani, mtoto akiwa bado njiani, daktari alipigiwa simu ya redio, akaagiza dawa, na mtoto alipofika alizikuta ziko tayari kando ya kitanda. Kompyuta ilipokuja, haikuruhusu kuandika agizo lolote hadi mtoto awe amefika na kusajiliwa kikamilifu. Kwanza uandikishwe, halafu utibiwe.

Nilipofika hapo niliweka simu chini kidogo. Ndugu msomaji, wewe uliyepita mpakani usiku na kungoja siku nyingi kwenye kituo cha mapokezi, hilo neno unalijua. Kabla ya kuandikwa, upo, lakini haupo.

Sasa, nisiseme upande mmoja. Hospitali ya watoto ya Seattle iliweka programu ileile, na vifo havikuongezeka. Walikuwa wametayarisha mapema orodha za maagizo ya haraka, ili daktari asipoteze dakika akitafuta dawa mojamoja. Na mwaka 2010, hospitali ya watoto ya Stanford ilieleza kwamba baada ya kuweka maagizo kwenye kompyuta, vifo vyao vilipungua kwa kama asilimia 20. Kwa hiyo si suala la kukataa kompyuta. Tofauti iko kwa watu wanaoipokea: wamepewa nafasi gani ya kusema "hapa inatukwamisha", na nani anawasikiliza. Na hao wa Pittsburgh nawaheshimu sana. Walihesabu vifo vya hospitali yao wenyewe, wakavitangaza kwenye jarida la madaktari mwaka 2005. Wangeweza kunyamaza.

Mfano wa tatu uko kwenye ngozi zetu. Kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni, ambacho tulikizoea wakati wa Korona, kinafanya kazi kwa kupitisha mwanga kwenye ngozi. Desemba 2020, watafiti wa Marekani walilinganisha namba za kibanio na vipimo vya damu vya wagonjwa haohao. Walitazama mahali ambapo kibanio kilisema oksijeni iko sawa, asilimia 92 hadi 96. Kwa wagonjwa weusi, karibu 12 kati ya kila 100 ya vipimo hivyo, damu ilionyesha kwamba oksijeni imeshuka chini ya asilimia 88. Kwa wagonjwa weupe, karibu 4 tu kati ya 100. Kosa lilikuwa karibu mara tatu kwa watu weusi. Na hicho kifaa hakikuwa kipya. Kilibuniwa Japani miaka ya 1970. Fikiria ni watu wangapi weusi walisema "nakosa pumzi", wakaambiwa namba yako ni nzuri.

Hapa vijana wa kikundi chetu waligawanyika, na nitaleta hoja zao kwa haki.

Mmoja alisema: lakini watu pia wanakosea. Ni kweli kabisa. Mwaka 1999 taasisi moja ya kitabibu ya Marekani ilikadiria kwamba kati ya watu 44,000 na 98,000 wanakufa kila mwaka katika hospitali za nchi hiyo kwa makosa ya matibabu, na wakati huo kazi nyingi bado zilifanywa kwa karatasi. Sisi wenyewe tunajua karatasi. Unakimbia vita, faili ya mtoto wako inabaki Uvira au Fizi, na hapa hakuna anayejua amechanjwa nini. Kumbukumbu iliyo kwenye kompyuta ingekufuata. Mimi siitamani karatasi.

Mwingine alisema jambo gumu zaidi. Alisema: watu wanadanganya, ndiyo maana mashine zililetwa. Wengine wanajifanya wagonjwa wapate dawa wauze, wengine wanataka rufaa ya kwenda mjini. Mashine haipendelei kabila, haiombi kitu kidogo. Wengi walitikisa kichwa kumuunga mkono, na ninaelewa kwa nini.

Nilimjibu hivi. Kuna makosa mawili, na hayalingani. Ukimwamini mwongo, umepoteza muda na pengine kipimo kimoja. Ukimkatalia mkweli, unaweza kupoteza mtu. Kingine: kosa la kwanza analipa hospitali, kosa la pili analipa mgonjwa peke yake, na yeye hakuchagua ile mashine, hakuulizwa, na hajui hata nani aliitengeneza. Katika mambo ya haki, mimi naona asiyechagua ndiye alindwe kwanza.

Yule kijana hakukubali haraka. Akasema: nesi yuko mmoja, foleni ni ya watu mia, atamwamini kila mtu saa ngapi? Hapo nilibidi nifikiri zaidi. Na nafikiri jibu ni kwamba kuamini kuna ngazi. Sisemi nesi akubali kila neno kama Biblia au Kurani. Nasema neno la mgonjwa litoshe kufanya mtu aangalie mara ya pili. Ni hilo tu. Kule Tyler, kilichookoa wagonjwa waliofuata ni watu wawili kukaa na kuangalia tena. Kule Pittsburgh, ni madaktari kuhesabu tena. Mtoto akiwa na namba nzuri kwenye kibanio na mama yake anasema "huyu hapumui kama kawaida", kuangalia tena ni kufunua kifua chake na kuhesabu pumzi kwa dakika moja. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika pumzi 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, hiyo ni kasi ya hatari. Wahudumu wa afya wa vijiji wanafundishwa hivyo. Ni dakika moja, hata kama foleni ni ndefu.

Tena, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF wa kutibu watoto chini ya miaka mitano unaanza kwa kumuuliza mama. Mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila kitu? Amepata degedege? Hakuna mashine inayoweza kujibu hayo, maana mashine haikulala naye usiku. Wale walioandika mwongozo huo walijua kwamba neno la mama nalo ni kipimo.

Kwa nini basi sisi hapa tunasahau kirahisi? Nafikiri ni kwa sababu ya mazoea ya foleni nyingine. Kuna koko mmoja jirani yetu, miaka sabini na kitu, amelima tangu utoto. Jembe limemsugua vidole hadi alama zimefifia. Siku ya mgao, mashine ya vidole inamkataa mara tatu, mara nne. Anasimama mbele ya watu ambao wote wanamjua, karani anamjua, mlinzi anamwita koko, na mashine inasema hajulikani. Siku moja alikaa juani hadi saa tisa kabla ya kupatiwa njia nyingine. Na unajua alisema nini alipofika nyumbani? Hakulalamikia mashine. Alisema: labda vidole vyangu vimekuwa vibaya.

Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko programu yoyote. Kwenye mgao, mashine imewekwa kumlinda mwenye mali dhidi ya mwongo. Inaanza na shaka, na pengine kwa kazi ile ina sababu zake. Lakini hospitali haikujengwa juu ya shaka. Mtu akishazoea kukataliwa kidole, akifika kwa daktari na namba ikasema hana kitu, hatagonga mlango kama yule wa Tyler. Atasema labda maumivu yangu yamekuwa mabaya, atainuka, atashukuru, ataenda zake. Na kwenye takwimu ataonekana amepona.

Sasa tableti zinaingia kwenye vituo vyetu, zenye visanduku vya kuweka alama: homa ndiyo, homa hapana. Zitakuja na nyingine zenye akili bandia za kupendekeza dawa. Mimi nazikaribisha. Ila tukialikwa kwenye mikutano ya jamii, na wakati mwingine huwa tunaalikwa, tusiishie kuuliza zitafika lini. Tuulize mashine ikisema hapana, nani chumbani ana ruhusa ya kusema ndiyo, na hataadhibiwa kwa hilo. Tuulize ilijaribiwa kwa watu gani, wa ngozi gani, wa lugha gani. Tuulize mtu ambaye hajasajiliwa atatibiwa vipi usiku ule anaofika. Na tuulize mgonjwa akiona imemdhuru, malalamiko yake yanaandikwa wapi, na nani anayasoma.

Neno la mwisho ni kwenu vijana mnaotafsiri. Wiki hizi tumeanza mazoezi. Mmoja anakuwa koko, mwingine nesi, mwingine mkalimani. Koko anasema: "Mwanangu, kifua kinanibana kama mtu amekikalia, kinaanza nikipanda ile njia ya kisima, nikikaa kinaachia, lakini tangu juzi hata nikikaa hakiachii." Mkalimani anageuka na kusema: "Anasema kifua kinauma." Nesi anaweka alama kwenye kisanduku. Kila kitu ambacho daktari angehitaji kimepotea kati ya midomo miwili, na kompyuta bado haijaguswa.

Kwa hiyo tumekubaliana sheria moja kwenye kikundi. Mkalimani aseme yote, pamoja na njia ya kisima na pamoja na lile neno "tangu juzi". Kama hakuna kisanduku cha kuliweka, amwombe nesi kwa adabu aliandike pembeni. Mazoezi yanaendelea kila Jumamosi mchana. Wanaotaka kushika nafasi ya koko waje, maana hiyo ndiyo inakosa watu.